Ala ya Mkia

Nikipita nyuma ya bucha hapa mjini Moshi nikakuta ngozi zimeanikwa, huziba pua na kutema mate. Watu hudhani naringa.

Zamani harufu hiyo niliipenda. Mama alipomfuata baba kaburini, niliacha shule niwalee wadogo zangu, na mchezo wangu wa jioni ukawa kutengeneza ala za visu. Ngozi ya mkia wa ng'ombe unaivua nzima kama soksi, unaivisha kwenye mti uliochongwa umbo la kisu, kisha unaitundika juu ya meko ikauke.

Siku ya kuondoa tanga la mama nilirudi kutoka kuchota maji nikakuta wanaume wa ukoo migombani wakikatakata nyama, wamepakaa mafuta mpaka viwikoni. Baba mdogo aliniita huku akitafuna ini bichi.

"Fundi wa ala, njoo! Leo unanitengenezea mimi."

Akanitupia ngozi ya mkia, bado ina joto. Kwenye manyoya ya ncha kilining'inia kinyesi kikavu nilichokiona asubuhi wakati wa kukamua.

"Baba mdogo, huyu si ndiye ng'ombe wetu wa maziwa?"

"Tanga haliondolewi kwa maharage," akasema, damu ikimchuruzika kidevuni. Wenzake wakacheka.

"Na mtoto atakunywa nini?"

"Supu!"

Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameshafika na kikombe chake. Niliiacha ngozi miguuni pa baba mdogo, nzi wakaifunika. Nikanawa, nikanusa vidole, nikanawa tena. Kisha nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kuomba maziwa kwa jirani.