Herufi Moja Ukutani, Bibi Harusi Mlangoni

Bora niwasimulie mwenyewe aibu yangu kabla hamjaisikia kwa watu wa Bertrams, mtaa lilipo kanisa letu, ambao wanaiongezea chumvi (ingawa, kusema kweli, haihitaji).

Mimi ndiye niliyeandika programu inayoonyesha maneno ya nyimbo ukutani kanisani kwetu, kanisa la Wakongo ambako mimi Mtanzania nimepokewa kama mtoto wa nyumbani. Ina mafaili mawili: programu kuu, na faili la pembeni tunaloliita maktaba, lenye kazi ndogondogo ambazo programu kuu huziita ikishawaka. Sasa asubuhi ya harusi ya Dada Esperance, nimeshavaa suti, nikaona maneno ni madogo, nikasema ngoja nirekebishe kidogo tu. Kazi ya kuandika wimbo ukutani, mojawapo ya zile za maktaba, ilikuwa inapokea jina la wimbo basi. Nikaifanya ipokee na ukubwa wa herufi, nikaijenga maktaba upya, yaani nikageuza maandishi yangu kuwa faili linaloendeshwa na kompyuta, na programu kuu nikaiacha vilevile, ikiendelea kupeleka jina peke yake. Sikujaribu. Nilikuwa natafuta soksi.

Bibi harusi yuko mlangoni na baba yake, kwaya imesimama, nabonyeza. Ukutani ikatokea herufi B ya mwanzo wa wimbo, moja tu, kutoka sakafuni hadi darini, maana maktaba haikuletewa ukubwa, ikaokota takataka yoyote iliyokuwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kwaya, watu watiifu, wakaimba "Beee" kwa sauti nne. Kisha programu ikaanguka. Nikawasha tena: B, ikaanguka.

Papa Kasongo, fundi wetu wa vipaza sauti, akaninong'oneza, "Kaka Joshua, iko nini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kweli. Nikasema, "Ni waya, Papa."

Mzee wa watu akapanda kiti, akaushika waya juu ya kichwa kwa mikono miwili, na mimi kwa kuona haya kumwambia ashuke nikamwambia, "Juu kidogo."

Akaja Neema, anayesoma kompyuta chuoni Braamfontein (na ambaye nilikuwa najitahidi sana anione mtaalamu).

"Umebadilisha nini leo?"

"Hakuna."

Akafungua folda, akaona maktaba ni ya asubuhi ile, programu kuu ni ya mwezi uliopita. "Joshua, hii umeijenga upya na hii hujaigusa. Zitaelewana vipi?"

Alisema kwa upole, ila kipaza sauti cha mezani kwangu kilikuwa kimewashwa. Kanisa zima likageuka. Papa Kasongo akashusha waya taratibu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kurekebisha haikuwezekana, mafaili ya kujengea nilikuwa nimeyaacha kwenye kompyuta ya nyumbani Yeoville. Mchungaji akasema, "Basi Ndugu Joshua atatutajia maneno mwenyewe." Nikasimama mbele, kwa sauti yangu hii mbovu, nikataja mstari mmoja mmoja, na ubeti wa tatu ukanitoka kabisa, nikarudia wa pili, nikaurudia tena, bibi harusi anatembea, shela inatikisika kwa kicheko.

Baadaye nilimwomba Papa Kasongo msamaha. Akajisugua mabega, akasema, "Mikono inaniuma, mwanangu, lakini ndoa imefungwa."

Eish. Tangu siku ile sigusi kazi yoyote ya maktaba bila kujenga upya kila kinachoiita, na sifanyi hivyo nikiwa nimevaa suti. Na Neema akiniuliza nimebadilisha nini, namjibu kabla hajamaliza swali.