Chai Aliyoipenda Baba Mdogo Kalonda

Harufu ya maua ya mchungwa yakiguswa na maji ya moto hunifanya nitabasamu vibaya. Wengine huwakumbusha harusi, au wanawake wa Kasongo siku ya Idi. Mimi namwona baba mdogo Kalonda ameketi kwenye kiti cha marehemu baba yangu, midomo imechongoka juu ya kikombe cha bati, anapuliza, anafyonza, anaomba aongezwe. Amekufa zamani, na sijamsamehe. Nawaambia mapema ili msije mkaningojea niwe mpole.

Tulikaa kijijini upande wa Wamaza, enzi za Wabelgiji, wakati kila familia ililimishwa pamba ya serikali na kapita, msimamizi mwenye kofia ya serikali, alipita mashambani na fimbo kuangalia nani amechelewa. Baba alikuwa mtu wa hapo hapo. Mama alikuwa ametoka Kasongo na alikuja na mazoea ya kwao. Nyuma ya jiko baba alimpandia michungwa, kwa sababu mama alisema nyumba isiyo na mchungwa ni kambi tu. Mimi, Feza, mtoto wao wa pekee, nilikuwa bado nang'oka meno ya utoto baba alipofariki kwa ugonjwa wa kifua.

Kilio kilipokwisha, ukoo ulikaa kugawa. Kalonda, mdogo wake baba, alichukua baiskeli, mbuzi na michungwa. Mama naye alikuwemo katika mgao: siku za kitambaa cheusi cha ujane zikiisha, angeingizwa kwa Kalonda awe mke wa tatu. Kwa desturi mjane aliweza kukataa mbele ya wazee. Lakini Kalonda alikuwa akiitafuta kofia ya kapita, na nani angethubutu kumkatalia kapita? Hata mimi nililijua hilo, maana wake zake walikwisha kunionyesha kona nitakayolala.

Siku ile ya kugawa, mama aliomba kitu kimoja.

"Baba mudogo, kwa ile michungwa, niachie hata maua kidogo ya kuweka mu chai."

Kalonda alicheka akajipiga mapaja. "Munasikia? Wanamuke wa Kasongo wanakunywa maua sawa nyuki! Kamata yote, Mama Feza. Maua yote iko yako, matunda iko yangu."

Watu wakaangua kicheko. Mama akapiga magoti, akapiga makofi ya taratibu ya kushukuru, mbele ya Mzee Ramazani, mkubwa wa ukoo wetu. Kwetu zawadi iliyokwisha kupigiwa makofi hairudishwi. Kisha akaingia jikoni, nami nikamwonea haya.

Mvua za kwanza ziliposhika, michungwa ikachanua yote kwa pamoja. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye pamba, tulichuma. Mama alikaa chini na kikapu, mimi nilipanda juu kwa kuwa nilikuwa mwepesi, na matawi ya mbali tuliyavuta kwa mti wenye kulabu. Miiba ilinichana mikono yote. Hakuna aliyeshangaa kuona maua chini, maana mchungwa wenyewe humwaga mengi kila mwaka. Mama alichuma kama anayepalilia, hakuruka tawi.

Maua aliyaanika kivulini juu ya ungo. Maganda ya nanasi aliyaanika juani mpaka yakawa ya kahawia na kunata vidoleni. Hayo maganda ndiyo yaliyotangulia chunguni, pamoja na mchaichai na kipande cha muwa kilichopondwa, yakachemka mpaka mbuzi wa jirani wakaja kuchungulia mlangoni. Hapo aliepua chungu, akatia maua, akafunika kwa jani la mgomba.

"Ua hapana kuchemusha," alinifundisha. "Ukichemusha, inakasirika, chai inakuwa chungu. Weka tu mu maji ya moto, funika, ngoja."

Kalonda aliisikia harufu ile kutoka kwake, maana viwanja vyetu vilipakana. Jumapili ya kwanza alikuja peke yake, iliyofuata akaja na rafiki zake. Mama aliwapokea kwa magoti, akawamiminia. Kalonda alikunywa na kujisifu. Mzungu wa Kabambare, aliyegawa kofia za kapita, aliwahi kula machungwa ya baba na bado aliyataja. Basi kiangazi yeye Kalonda angempelekea vikapu kwa vikapu, na nani mwingine angepewa kofia? Mke wake mkubwa alimwonya kwamba huyu mjane ana kinyongo, ajichunge. Alijibu kikombe kikiwa mdomoni: "Maji ya moto haichome nyumba."

Mimi nilikuwa nikitokota. Mwizi amekalia kiti cha baba, na mama anamwongezea chai! Jumapili moja nilisaga pilipili kichaa, nikataka kuitia katika kikombe chake. Mama alinidaka mkono, akauminya mpaka nikaachia.

"Hapana, Feza. Pilipili inawasha siku moja tu."

Akamtilia maua mkono mzima, mengi kuliko ya wageni wote. Yeye mwenyewe hakunywa hata tone msimu ule. Nilidhani ni adabu ya mjane.

Kiangazi kikafika. Kalonda alikuja na vikapu vipya na vijana wa kubeba. Akainua uso, akauzunguka mchungwa wa kwanza, akaenda wa pili, akarudi wa kwanza. Majani yalikuwa mazuri sana, ya kijani kibichi, yanang'aa. Machungwa yalikuwa machache ya kileleni, pale nilipokuwa nimeshindwa kufika. Niliinama nyuma ya kinu nikajiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Aliwaita wazee kwa kelele. "Huyu mwanamuke ameniua!"

Mama alipiga magoti palepale alipopiga siku ya kugawa. "Baba mudogo, ulinipa maua yote, nikakupigia makofi. Chungwa inatoka mu ua, siyo mimi nilipanga vile. Na siyo siye peke yetu tuliimaliza ile maua. Wewe ndiye ulikuwa unaomba kuongezwa."

Mzee Ramazani alicheka mpaka kofia yake ya sala ikamdondoka. "Kalonda, umekunywa machungwa yako yote, na ulikuwa unasema iko tamu. Sasa unataka tukufanyie nini?"

Kalonda alikwenda Kabambare na ndizi. Kofia akapewa mtu wa ng'ambo ya kijito. Mama alipovuliwa kitambaa cheusi, wazee walimuuliza kama anakubali kuingia kwa Kalonda. Alisema hapana, na hakuna aliyekohoa.

Asubuhi tuliyoondoka kurudi Kasongo, tulikuwa hatujafika njia panda tuliposikia shoka. Kalonda alikuwa akiikata michungwa. Nililia kwa sauti. Mama hakugeuka. Tulipopumzika kando ya mto aliwasha moto, akafungua kitambaa kilichobaki na maua makavu, akapika chai, na kwa mara ya kwanza akanywa. Machozi yalimdondoka kikombeni. Niliamini ni moshi.

Nilikwisha kuwa mama mwenyewe nilipoelewa. Michungwa ile ndiyo kazi ya mikono ya baba pekee iliyokuwa imebaki juu ya ardhi. Mwaka ule sisi pia hatukula machungwa yake. Mama aliitumia kazi hiyo ya mume wake, ua kwa ua, ili tusiangukie mikononi mwa mdogo wake, na kila kikombe alichommiminia yule mtu kwa tabasamu kilimtoka yeye moyoni. Nilimwonea haya mwaka mzima, kumbe kati yetu wawili mimi ndiye niliyekuwa na hasira ndogo.

Sasa nina mchungwa wangu hapa Kasongo. Kwa kawaida naokota maua yaliyoanguka tu, mengine nayaachia yawe machungwa ya wajukuu. Lakini siku nikimkumbuka Kalonda nachuma tawi zima. Nayachemsha kabisa maua yale, mpaka yakasirike, namiminia kikombe kimoja cha ziada, kisha natoka nje na kukimwaga mavumbini.