Chupa ya Saa Nne

Weka dau lako hapa, maana hili hutaliamini: mwanamke anayemfikia Mdomo begani, mashavu ya mviringo kama ya mtoto, tumbo limemtangulia mbele, ndiye mwenye mkono mzito kuliko wote kwenye karakana ya masofa. Mdomo, aliyeacha shule darasa la tano akajitangazia ubingwa wa kila kitu, alishindana naye kuvuta mikanda ya chini ya viti. Alivuta mpaka machozi yakamtoka. Mwanamke huyo, shemeji yake, akamaliza viti viwili, akamuuliza kama anahitaji leso.

Shemeji huyo ni dada wa mke wa Mdomo. Alizaliwa na ini bahili: sukari linaipokea, linaifungia ndani, kuitoa halitaki. Akipitisha saa nyingi tumboni hamna kitu, anatetemeka, macho yanaingia giza. Ndiyo maana simu yake inalia kila baada ya saa nne, naye anakoroga wanga mbichi wa mahindi kwenye chupa ya maji baridi, anaumeza wote bila kukunja uso. Soda na matunda matamu hagusi, hata kwenye harusi. Na lile tumbo si shibe, ni ini lililovimba.

Kliniki walimpima kwa mashine inayotenganisha mafuta na misuli. Mafuta yapo, misuli haba. Wakamwambia aijenge. Mwingine angeenda kulala. Yeye aliomba kutolewa kwenye cherehani apelekwe kwenye mikanda, na baada ya miezi minane mashine yenyewe ikasalimu amri: misuli imeongezeka. Mdomo alitangaza habari hizo mtaa mzima kama vile misuli ni yake.

Tajiri, mwenye karakana, alikuwa amemkubalia kwa shingo upande. Alimwambia kazi ile hairuhusu mtu wa kuzimia, na siku akianguka humo ndani ndiyo mwisho wake.

Sasa Mdomo ana huruma, ila huruma yake haiulizi njia. Kila akimtazama shemeji akimeza ule wanga, anaona mtu anakunywa chokaa. Asubuhi moja, kabla simu ya saa nne haijalia, akachukua chupa na wanga wake, akaukoroga, akaupasha kwenye jiko la kuyeyushia gundi mpaka ukawa kauji, akaupoza kwenye ndoo ya maji, akautia chupani, akairudisha mahali pake. Alijipongeza kimoyomoyo.

Simu ililia. Shemeji alikuwa na sofa la kumaliza, akanywa haraka haraka.

"Mbona nzito leo?"

"Nimekukorogea mimi, shemeji. Mkono wa fundi huo."

Akacheka, akarudi kwenye mikanda.

Saa sita haijafika vizuri, stapla ya kugongea mikanda ilimponyoka. Jasho lilimtiririka, midomo imekuwa myeupe. Alijishusha mwenyewe mpaka sakafuni, akajichoma kidole kwa kile kipimo chake kidogo, akatazama namba, akaonyesha mkoba. Mdomo akatoa kopo la glukosi, akamkorogea na maji. Shemeji akanywa, akatulia, rangi ikaanza kurudi.

Tajiri alikuwa mlangoni.

"Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimekaa."

Hata Mdomo alitaka kucheka. Lakini tajiri akasema walishakubaliana: akianguka, ndiyo mwisho. Saa mbili tu tangu anywe, na sukari imeshamwishia, jambo ambalo halikuwahi kumtokea tangu utoto. Aliutazama mwili wake kama mtu aliyesalitiwa na rafiki. Akasema kwa sauti ndogo kwamba pengine kweli haufai tena kwa kazi hii, akaokota stapla, akaifuta, akamnyooshea tajiri.

Mdomo akatazama ile chupa tupu. Ukoko wa uji ulikuwa umeganda chini, na wanga mbichi haugandi hivyo. Shemeji aliwahi kumweleza kwamba wanga mbichi husagika polepole tumboni, ndiyo maana unamshikilia saa nne, ila ukipikwa unaisha upesi. Siku ile Mdomo alikuwa anaongea yeye, kama kawaida.

Akaichukua stapla mkononi mwa tajiri, akamrudishia shemeji.

"Mwili wake hauna kosa," akasema. "Wanga wake niliupika mimi. Nilikosea."