Moto Uliokuwa Ukikohoa

Macho ya mume wangu yalipoanza kuingia ukungu, nyumba yetu ya Msambweni haikutulia tena. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Kazi aliipata ujanani kwenye kiwanda cha sukari, kisha akaacha kuajiriwa, akaleta vyombo vyake nyumbani na kuvipanga uani, mbali na makuti ya paa kwa sababu ya cheche. Daktari akamwambia ni mtoto wa jicho, kwamba atapasuliwa Mombasa, na kwamba asubiri mpaka aitwe.

Kusubiri ndiko kulikomshinda. Akitoka msikitini alfajiri hakai. Atazunguka ua akigusa kila kilicho chake, nyundo, koleo, mtungi wa oksijeni, tangi la kabaidi, kisha aanze upya. Nami jikoni nazisikia hatua zile, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka mikono yangu nayo ikakosa utulivu. Nilivunja bakuli, nikaunguza mikate, nikafagia mahali nilipokwisha kufagia. Watu bado walileta vyuma vyao, naye hakuwa na moyo wa kuwarudisha. "Kiache tu, tutaona." Vikarundikana ukutani: majembe, fremu ya baiskeli, kitanda cha chuma kisicho na mguu.

Asubuhi moja nilitoka na mwiko mkononi nikamwambia, "Nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Hiyo kazi yako. Wewe una masikio na mikono, mimi nina macho. Ama tuendelee kuzunguka hapa mpaka tupate wazimu sote wawili?"

Dada yake, ambaye tulikaa naye, ndiye aliyejibu kutoka kizingitini. "Wifi yangu, mwanamke na moto wa kabaidi wapi na wapi? Utatuunguzia nyumba."

"Basi weka ndoo ya maji karibu," nikamwambia, na maskini akaiweka kweli.

Kabaidi ni mawe ya kijivu. Yakiguswa na maji hutoa gesi yenye harufu kali, kama kitunguu saumu kilichooza. Gesi ile ilitoka tangini ikapita kwenye mpira mrefu hadi kwenye bomba la kuchomelea, na humo ikakutana na oksijeni ya mtungini. Ukiwasha, moto huja wa manjano na masizi meusi. Ukiongeza oksijeni polepole, hujikusanya ukawa ncha ndogo ya buluu, kali, yenye mvumo. Mume wangu hakuiona ile buluu, lakini mvumo aliujua. "Zaidi kidogo. Rudisha. Hapo! Usiguse tena."

Nilivaa koti lake la khaki juu ya leso, nikavaa miwani yake myeusi, nikaanza kujifunza kushona. Ndivyo nilivyokuwa nikiita, kushona, kwani chuma kikiyeyuka hufanya kidimbwi kinachong'aa, nawe unakiongoza kidimbwi hicho mbele, unakilisha waya, na nyuma yake unabaki mstari wenye mikunjo kama mshono. Ama ndivyo inavyotakiwa. Mishono yangu ya kwanza, kwenye vipande vya pipa kuukuu, ilikuwa matundu matupu. Nilitoboa pipa zima.

Kikishapoa kipande, yeye hukichukua akakipapasa kwa vidole.

"Hapa ulikimbia."

"Sikukimbia."

"Ulikimbia. Hapa ukasimama ukafikiri. Ulikuwa ukifikiri nini?"

"Wali ulio motoni."

Alicheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo. Lakini hakikudumu, kabla sijachukua kipande kingine alikwisha kuinuka, yuko mwisho wa ua, anagusa ukuta.

Siku hizo stendi ya injini ya mashine ya kusaga ilivunjika. Ilikuwa stendi ya vyuma vya pembe, na miguu yake miwili iliachana kwa mtikisiko. Wanawake wakarudia kutwanga kwenye vinu, na wengine wakatembea na mahindi kichwani hadi mashine ya mbali, wakarudi wamechoka na wenye hasira. Mwenye mashine alikuja kwetu akapiga hodi, akatoa salamu, akaniamkia vizuri, kisha akazungumza na mume wangu tu. Mume wangu akainamisha kichwa. Nilijua anatafuta maneno ya kukataa.

"Ilete," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Mwenye mashine akamtazama mume wangu, akisubiri akanushe. Hakukanusha. Akauliza tu, "Chuma chake unene gani?"

Ilipoletwa, nikaisugua kutu, nikawasha. Moto ukakaa sawa muda mfupi, kisha ukaanza kukohoa. Unanyauka, unaruka, unapasuka pa! kama bunduki, unazimika. Nikawasha tena, ukakohoa tena. Chuma hakikupata joto la kuyeyuka. Jasho likanitiririka ndani ya miwani.

"Ncha imeziba," mume wangu alisema. Nikaifungua nikaisafisha kwa waya laini wa shaba, nikairudisha. Pa! "Labda gesi inavuja." Nikapaka povu la sabuni kila kiungo, nikatazama kama kuna mapovu yanayokua. Hakuna. "Kabaidi imekwisha." Nikafunga kila koki, nikafungua tangi, mawe yalikuwapo tele, na maji yakidondoka sawasawa. Nikalifunga, nikasubiri gesi ikae, nikawasha. Moto ukawaka, ukakohoa.

Kwenye uzio wanawake walikwisha kusimama wakitazama. Mmoja akasema kwa Kidigo maneno ambayo sitayaandika hapa. Mume wangu hakuweza tena kukaa juu ya kasha lake. Akaanza mizunguko yake, nami nikamkemea, "Tulia basi, bwana! Unanichanganya!"

"Siwezi kutulia! Nasikia kitu kinagugumia na sijui kiko wapi!"

Akapiga hatua, mguu ukanasa kwenye mpira wa gesi. Mpira ule ulipita juu ya kishimo walichochimba kuku cha kuogea mchanga, nao ulikuwa umezama humo. Yeye alipojikwaa aliunyanyua wote juu kwa mguu wake. Moto ukapasuka, ukazimika, na kwenye ncha ya bomba nikaona matone.

"Funga koki!" alipiga kelele.

Nilikwisha kufunga. "Maji," nikasema. "Mna maji humu ndani ya mpira."

Akakaa palepale mchangani alipoangukia. "Gesi hutoka tangini na unyevu," alisema polepole. "Umekusanyika pale palipozama. Ndiyo maana inagugumia. Inapita juu ya maji."

Tuliuchomoa mpira, tukauning'iniza, tukaumwaga. Yalitoka maji ya kujaza kikombe cha kahawa. Kisha tukautundika kwenye vijiti vya uzio usipate kulala chini popote. Nilipowasha, moto ulitoa mvumo mmoja usiokatika. Mle kishimoni akaingia kuku, akaendelea na shughuli zake.

Nikashona miguu ile miwili. Sikufikiria wali wala wanawake wa uzioni. Ilipopoa, mume wangu akaipapasa kwa muda mrefu sana, upande mmoja, upande wa pili. "Hapa ongezea," akasema. Nikaongezea.

Stendi ilishika, ila mguu mmoja niliuunga ukiwa umepinda kidogo. Injini ikasimama imeegama na mkanda ukawa unaruka, wakatia kipande cha mti wa mkanju chini yake. Na kipande hicho kilikuwapo mashine ikisaga mwaka baada ya mwaka, na sikuacha kukitazama kila nilipopeleka mahindi.

Mume wangu aliitwa Mombasa baada ya mfungo wa Ramadhani. Jicho moja lilipona, jingine halikupona. Alirudi na miwani minene, na hata chai hakunywa. Alikwenda moja kwa moja uani, akaokota vipande vyangu vya mazoezi, akavitazama juani kimoja kimoja.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Mishono hii mikononi ilikuwa mizuri zaidi."

Nilimtupia leso. Lakini bomba sikumrudishia, naye hakulidai siku ile. Baadaye alinunua la pili kwa fundi mmoja aliyefunga kazi, na mtu wa Diani akatuletea lango la shamba lake. Tulianza kulichomelea kila mtu kutoka mwisho wake, tukakutana katikati. Mishono haikulingana. Tulibishana mpaka magharibi ni nani aliyepotoka, na mwenye lango akiwa amesimama pale, hajui amsikilize nani.