Diski Iliyonyamaza Matangani

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuijaribu ile diski kwenye mashine moja tu, tena ile ile iliyoitengeneza. Ninalisema mapema kwa sababu kila nikisimulia aibu hii watu hunitetea ("ilikuwa vita, vyombo vilikuwa vibovu"), na mimi sitaki kutetewa. Vyombo vilikuwa vizima. Mbovu nilikuwa mimi.

Wakati huo nilikuwa karani mdogo katika biro (ndiyo ofisi) moja ya misaada hapa Kalemie, ukingoni mwa ziwa, na kompyuta nilijifunza mwenyewe saa za chakula, bila mwalimu, kwa kubonyeza na kuogopa. Nilikuwa mtu wa kurudia barua mara nne kwa ajili ya mstari mmoja uliopinda. Mtaani wakaanza kuniita Enjiniya, nami (Mungu anisamehe) nikaanza kuitika.

Papa Telesfori, mwalimu wa kwaya yetu, alipokufa kwa malaria, mama yake alikuwa Nyunzu na njia ilikuwa imefungwa na vita, tukamzika bila yeye. Karibu siku arobaini zilipita ndipo mama huyo, Kambo Feza (kambo ndivyo tunavyowaita bibi zetu), akafika, amebebwa kwenye baiskeli na wachuuzi wa mawese, macho yake yanaona ukungu tu. Alifika Alhamisi, matanga yangemalizwa Jumamosi, na Jumapili alfajiri alipaswa kurudi na wachuuzi wale wale, maana peke yake asingepita. Alikuwa na ombi moja: kusikia sauti ya mtoto wake.

Mjane, Mama Odila, akaniletea kanda tatu ambamo marehemu alijirekodi akiimba.

"Redio yetu ya kanda walishaipora," akasema. "Lakini jirani yetu Musafiri iko na mashini ya plake. Utuwekee kwenye plake, mutoto wangu. Nyimbo kumi zinatosha."

Plake ndiyo diski. Nami nilikuwa na diski tupu moja tu (zilitoka Kigoma, na meli siku hizo zilikuja zikipenda), ambayo kwa njia ya kawaida ingebeba saa moja na kidogo, na kanda zilikuwa za zaidi ya saa tatu. Mtu mwenye akili angechagua. Mimi nikaona kuacha hata wimbo mmoja wa marehemu ni kumwibia, basi nikazipitisha nyimbo zote kutoka redio ya kanda ya biro hadi kompyuta, nikazibana ziwe faili ndogo ndogo, nikazipa majina, nikayasahihisha, nikaziingiza zote, nikazisikiliza kwenye kompyuta, zikaimba vizuri mpaka nikalia kidogo. Kanda zenyewe nikazifungia kwenye droo ya biro zisipate vumbi.

Jumamosi mchana ua wa Mama Odila ulijaa. Jenereta ya kuazima ilikuwa inanguruma nyuma ya jiko, na Kambo Feza alikuwa amekalishwa mbele kabisa, kiganja chake juu ya spika. Nikatoa hotuba fupi ambayo hakuna aliyeniomba, halafu nikaingiza diski.

Mashine ikaonyesha wimbo mmoja. Mimi nilikuwa nimeweka arobaini na moja. Sekunde zikaanza kukimbia, sauti hakuna. Watu wakadhani tunamkumbuka marehemu kwa kimya, wakainamisha vichwa, wanaume wakavua kofia, nami badala ya kusema neno nikainamisha changu pia. Dakika tatu zikapita hivyo.

"Bado ananyamaza?" Kambo Feza akauliza.

Nikafungulia sauti mpaka mwisho. Kimya. Nikaitoa diski, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Kimya.

"Enjiniya," mtu akasema kutoka nyuma, "ndiyo unamuzika mara ya pili?"

Wachache wakacheka, wakajizuia. Hapo nilitakiwa kusema sijui. Nikasema, kwa sauti ya mtaalamu, "Mashine ya Yaya Musafiri imekufa."

Musafiri (yaya kwetu ni kaka mkubwa), jirani aliyeibeba mashine kichwani mpaka pale kwa hisani yake, akasimama.

"Mashini yangu? Jana tu imeimba mpaka majirani wakaomba huruma! Ngoja, tutaona nani amekufa hapa."

Akachomoa diski yangu, akaingiza ya kwake, kabla sijakumbuka kwamba sauti nilikuwa nimeiacha juu kabisa.

Ukalipuka muziki wa baa. Magitaa, ngoma, mwimbaji akiwahimiza watu watikise viuno, sufuria zikitetemeka mekoni. Kambo Feza alirusha mkono kama ameungua, akaanguka pamoja na kiti. Karibu na jiko walevi wawili walikuwa tayari wamekwisha kushikana wanacheza.

"Zima! Mutu azime!" Mama Odila akapiga kelele, na Musafiri akang'oa waya.

Tukamwinua kikongwe. Alikuwa anapapasa hewa.

"Huyu si mutoto wangu," akasema. "Mutoto wangu haimbaki hivi."

Mama mmoja wa kwaya akasema kwake iko redio ya kanda, kanda zenyewe ziletwe basi. Watu wote wakanigeukia. Nikakimbia mpaka biro, nikamsihi mlinzi, karibu nipige magoti, lakini ufunguo wa biro alikuwa nao mkubwa wangu, naye alikuwa amevuka ziwa mpaka Jumatatu. Niliporudi watu walikuwa wanaondoka, wanawahi kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Mama Odila alikuwa anakunja mikeka.

"Ndiyo kusema hatamusikia?" akaniuliza.

Nikashika mkeka wa pili nikaanza kuukunja. Alfajiri Kambo Feza akapandishwa baiskeli, akaenda.

Jumatatu nikamuuliza fundi mmoja wa redio, naye hakuinua hata kichwa: "Mashini za zamani zinajua diski za muziki za kawaida tu. Faili za kubana hazizijui. Hukuuliza?"

Wachuuzi walipopita tena nikawapa kanda moja waipeleke Nyunzu. Baada ya mwezi na zaidi wakanirudishia. Watu wa upande ule walikuwa wamekimbilia porini, na hakuna aliyejua Kambo Feza alikoelekea. Mpaka leo hajulikani alipo.

Kazi ya diski bado naifanya. Ila sasa, kabla ya kugusa kompyuta, naenda kwa mwenye kazi, naiona mashine yake, na nikimaliza naijaribu diski humo humo naye amekaa anasikiliza. Na nisipojua kitu nasema sijui, hata watu wawe wengi namna gani.