Yai Lililocheza Kwenye Bilauri

Stashahada yangu ya ufundi wa maabara imetundikwa sebuleni kwa mama yangu, mtaa wa Gungu, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Niliitundika mwenyewe wiki niliyorudi Kigoma, na sioni haya kulisema hilo. Niliondoka hapa na begi moja la nguo. Dar es Salaam nilianza kama kibarua wa kuosha chupa za maabara, nikajisomesha jioni kwa ujira huohuo, na nimerudi fundi kamili mwenye nyumba yake Mwandiga, yenye vigae sakafuni na maji bombani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Nyumba ile niliijenga kwa ajili ya mtu mmoja tu, binti yangu wa miaka sita. Mama yake alifariki mtoto angali mchanga, na mama yangu ndiye aliyemlea huku mimi nikiwa sauti ya kwenye simu. Niliporudi alinipa shikamoo safi kabisa, kisha akarudi nyuma ya kanga ya bibi yake. Nikampeleka Mwandiga. Akakitazama chumba chake, kitanda kipya, neti ya rangi ya waridi, akauliza, "Tunarudi kwa bibi saa ngapi?"

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Nilitaka aanze darasa la kwanza akiwa kwangu, lakini kwa kupenda mwenyewe.

"Usimvute," mama akanionya. "Huyo si ng'ombe."

Kusuka nywele sijui. Kuimba ndiyo usiseme. Nilichokuwa nacho ni maabara, kwa hiyo kila Jumamosi nikawa napanda bodaboda kwenda Gungu na bilauri mbili kubwa nilizozifunga kwenye taulo.

Tulianza na mawese, maana hakuna jiko la Kigoma lisilo nayo. Nilimimina maji kwenye chupa, nikaongeza mawese, nikatikisa kwa nguvu, nikaiweka mezani. Mawese yakapanda taratibu, yakatulia juu, mekundu, kana kwamba hakuna aliyeyasumbua. Binti alitazama akiwa mlangoni.

"Hata bibi anajua hilo," akasema.

"Ego, ndiyo," mama akadakia kwa Kiha chake, akicheka. "Kumbe ulikwenda kusomea mawese, mwanangu?"

Sikukata tamaa. Jumamosi nyingine nilibandika karatasi ndani ya bilauri, kwenye kitako, nikaizamisha kichwa chini kwenye beseni la maji. Ilipotoka, karatasi ilikuwa kavu. Mtoto akaacha mlango, akaja kuigusa. Halafu tukatia magadi kwenye chupa ya soda, tukakamulia ndimu, nikavika puto mdomoni mwa chupa upesi upesi. Puto likaanza kujaa lenyewe. Akacheka, kisha akaziba mdomo kama mtu aliyekosea. Mzazi unayesoma hapa, jaribu hilo kwanza. Halijawahi kuniangusha.

Sheria yangu ilikuwa moja: vyombo safi. "Chombo kichafu kinasema uongo," nilimwambia, na akaishika sheria hiyo kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha kazi. Alikuwa anasuuza hata kijiko ambacho hakijatumika.

Ndipo ikafika zamu ya yai. Jaribio lenyewe ni rahisi: yai likitiwa kwenye maji matupu huzama, ukikoroga chumvi ya kutosha, nasi tunayo ya Uvinza, yai hupanda likaelea. Nikamtuma uani alete yai.

"Safi," nikasisitiza.

Akakawia. Aliporudi, yai lilikuwa linang'aa na mikono yake inadondosha maji.

"Sasa tazama," nikatangaza, maana napenda kutangaza. "Litakwenda moja kwa moja chini."

Halikwenda. Lilielea, upande wake mnene ukichungulia juu ya maji, na chumvi bado ipo kwenye pakiti.

"Umesema litazama," binti akasema.

"Litazama."

Nikabadilisha maji. Likaelea tena. Nilikuwa nimeinama kulichunguza, na hakuna aliyekuwa amegusa meza, yai lilipotikisika. Viduara vidogo vikatawanyika juu ya maji, vikagonga ukingo wa bilauri.

"Linacheza," akanong'ona.

Nikamgeukia. "Umelitoa wapi?"

"Kwa yule kuku aliyelala."

"Halikuwa na alama ya mkaa?"

Akaitazama mikono yake. "Lilikuwa chafu. Nimelisugua. Wewe umesema safi."

Kwetu kuku akianza kuatamia, mayai yake huchorwa mstari wa mkaa, ili lile atakalotaga kuku mwingine hapohapo lijulikane na kuliwa. Mama alikuwa ameyachora yote. Mtoto wangu, kwa utiifu kwangu mimi, alikuwa ameufuta mstari huo, na sasa kifaranga kilikuwa kinaogeshwa maji ya baridi mbele yetu.

"Nimekiua?" Machozi yalishajaa.

Ningeweza kusema hapana. Lakini fundi maabara hatoi jibu kabla ya kutazama, na sikutaka jibu la kwanza kubwa aliloniomba liwe la kubahatisha.

"Sijui," nikamwambia. "Njoo tukaangalie."

Nikaliopoa yai, nikalikausha kwa taulo la bilauri. Yeye akalifumbata kwenye viganja, akalipulizia pumzi yake mpaka stoo ya mkaa, ambako kuna giza hata mchana. Nikafunga mlango, nikawasha tochi ya simu, nikailaza kwenye ganda. Yai likawaka rangi ya mawese. Ndani kulikuwa na giza zito, isipokuwa upande ule mnene uliokuwa mweupe na mtupu. Tukasubiri. Mara kivuli kidogo kikasukuma kwenye ule weupe, kikarudi.

"Kimenisalimia!" akasema, akauegemeza mwili wake wote kwenye mkono wangu. Nimetazama mengi kwenye hadubini za hospitali kubwa. Hakuna lililonitetemesha kama lile.

Kabla ya kulirudisha, akaokota kipande cha mkaa akalichora mwenyewe, duara badala ya mstari. Nikapeleka mkono chini ya kuku, naye akanidonoa hadi damu.

"Mtaalamu anadonolewa!" mama akapiga kelele kutoka jikoni. Alipojua kilichotokea akasema kwa upole, "Kinaweza kisitoke. Msijipe moyo sana."

Jioni nikachukua bilauri zangu kuondoka. Binti akazishika.

"Lala hapa. Kikiugua, nani atakitazama?"

Nikalala kwenye kochi, chini ya stashahada yangu, na siku zilizofuata nikawa naenda kazini nikitokea Gungu, nguo zangu Mwandiga zikipata vumbi. Kila jioni tuliingia uani pamoja kumsikiliza kuku. Vifaranga wengine walianza kutoka. Yai la duara likabaki kimya. Akaacha kula vizuri. Nami pia, kusema kweli.

Asubuhi moja vidole vidogo vikanivuta sikio.

"Baba. Baba, amka. Kimetoka!"

Kwenye viganja vyake kulikuwa na kifaranga chenye manyoya bado mabichi, na kipande cha ganda chenye nusu ya duara la mkaa. Tulikirudisha kwa mama yake haraka kisipate baridi, tukachuchumaa pale, bega kwa bega.

Baadaye, akiwa bado amekikazia macho, akauliza, "Kule Mwandiga, kuku wanalala wapi?"

Hakukuwa na mahali. Nilikuwa nimefikiria vigae, bomba na neti, lakini kuku sikumfikiria. Jumamosi ile sikubeba bilauri. Nilinunua mbao na wavu, nikapiga misumari mwenyewe tangu asubuhi, na leo hakuna banda la kuku Mwandiga yote linalolifikia langu. Mama alikuja kulikagua, akalisukuma kwa mguu, halikutikisika. Kesho yake bajaji ikasimama mlangoni. Kwanza alishuka bibi na tenga lenye kuku na vifaranga, kisha binti yangu, begi la shule mgongoni.