Mwanga Uliokatwa kwa Panga

Tangu mkewe azikwe, Fundi Picha alikuwa akiona kinyaa. Si cha kitu kimoja. Chai ilimnukia tambara bichi. Waliokuja kumpa pole walimnukia sabuni, na walimkumbatia yeye kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kukaa na marehemu alipokuwa hai. Hata mto wa kitandani aliugeuza, akaugeuza tena, akaishia kulala bila mto.

Mahali pekee alipopavumilia ni kibandani, na huko nako kulinuka.

Kibanda alikijenga mwenyewe ukingoni mwa msitu, nyuma ya mtaa, kwa fito na pazia. Pazia lilikuwa la studio yake, lile la buluu ambalo nusu ya mji ilipigiwa picha za vitambulisho mbele yake. Alilichemsha kwa majani ya chai mpaka likawa rangi ya matope, ndege wasilishtukie. Ndani akaweka kigoda, akakata tundu la kutolea lenzi, akawa anakaa humo kama mwizi anayengoja wenye nyumba walale. Jasho, kuvu ya kitambaa, mikojo ya paka. Sisimizi walimpanda shingoni kama ngazi ya umma.

Alikuwa akimvizia ndege mmoja. Mkewe, mwaka ule wa kuugua, alimsikia kila alfajiri kutokea dirishani: mluzi unapanda, unapanda, halafu unaanguka kama mtu aliyekosa kidato. "Huyu ana rangi gani?" akauliza. Mume akatoka kuchungulia, akaona majani. Kesho yake majani. Mke akafa hajui. Sasa Fundi Picha alitaka sura ya ndege yule, safi, aitundike ukutani kando ya picha ya mkewe. Ni hilo tu. Hakumwambia mtu isipokuwa shemeji yake.

Shemeji alikuwa mdogo wake marehemu. Kazi yake kupogoa miti na kunyoosha nyua za watu. Mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Jioni moja alikuja na mkate wake, akaketi, akaomba aone picha zilizokwisha kupigwa.

Kiota kilishapatikana. Shida ilikuwa mwanga. Kichaka kilikuwa kizito, na nyuma yake anga tupu. Ukiifuata anga, ndege anatoka mweusi kama kitako cha sufuria. Ukimfuata ndege, anga inaungua yote. Na kwa giza lile lenzi hufumba jicho polepole, basi ndege akigeuza kichwa tu, picha inakuwa uji. Studioni Fundi Picha alikuwa na neno moja, "inua kidevu," na watu waliinua. Ndege haambiwi.

"Shem, huyu ni ndege au kiazi kilichoungua?"

"Ndege."

"Na huyu?"

"Yuleyule. Amegeuza kichwa."

Shemeji akacheka mpaka makombo yakamruka mdomoni, moja likatua kwenye kioo cha kamera. Fundi Picha akalifuta kwa kidole, kisha akaenda kunawa kidole.

"Tatizo lako giza, shem. Kichaka kile kinataka kunyolewa."

"Kiache."

"Matawi mawili tu, wala hatajua..."

"Nimesema kiache. Amejificha, ana sababu zake."

Shemeji akaacha kutafuna. "Dada alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wako. Na mimi nataka nimwone huyo ndege."

Fundi Picha akaifunika lenzi. Akanyamaza. Shemeji akauchukua ukimya ule akaufanya ruhusa.

Kesho yake Fundi Picha hakudamka kwenda, maana huwa anangoja jua lipande. Aliingia kibandani, akaweka jicho tunduni.

Mwanga! Ndege alikuwa wazi wote, amesimama ukingoni mwa kiota, mabawa yametanuka, mdomo umeachama. Mgongo wa kijani. Koo la rangi ya machungwa, kama kaa lililopulizwa. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akatazama kioo cha nyuma ya kamera, na kila unyoya ulikuwa mahali pake.

"Bibie," akasema peke yake, "ni wa machungwa."

Machozi yakaja, akayaacha.

Kisha akajiuliza mbona haruki. Alibaki vilevile, mabawa wazi, akihema. Fundi Picha akatoa kichwa nje. Chini ya kichaka majani mabichi yalilala chungu nzima, na vikonyo vya matawi vilitoa utomvu mweupe. Jua lilikuwa likiingia kiotani moja kwa moja, kama kwenye sufuria isiyo na kifuniko.

Ndege hakuwa amejipamba. Alikuwa mwavuli. Chini ya mabawa yake makinda walitweta, ngozi tupu, macho bado yamefumba. Mmoja alikuwa ameangukia pembeni nje ya kivuli, na siafu walishamfika. Walikuwa wakiingilia jichoni na kutokea mdomoni.

Fundi Picha akatapika juu ya viatu vyake.

"Umeona?" Shemeji alitokea nyuma ya mti, panga mkononi, meno nje. "Nimekufungulia dirisha! Nimedamka makusudi, nikasema nimfanyie shem wangu... Vipi, unaumwa?"

"Njoo utazame."

Akaja, akatazama. Tabasamu lilibaki usoni kwa kuwa hakujua pa kulipeleka.

"Aa, ndege hawa si watazaa tena?"

"Shika hapa."

Fundi Picha alikuwa ameshaanza kung'oa pazia kwenye fito. Wakalitandaza juu ya kichaka, wakalifunga. Ndege aliruka akawapigia kelele kama wezi, na haki yake. Siafu wakawauma vidoleni wakati wakimtoa yule kinda aliyekufa. Kisha wakarudi nyuma, wakakaa chini ya mti, wakangoja. Muda ulipita. Mwishowe ndege akarudi na kiwavi mdomoni, akapenya chini ya pazia. Mle ndani giza lilikuwa limerudi lile la mwanzo. Lenzi isingeona kitu.

"Lakini picha si unayo?" Shemeji akanong'ona. "Nionyeshe."

Akamwonyesha. Shemeji akaishika kamera kwa mikono miwili.

"Ee Mungu wangu. Tazama alivyotanua mabawa, kama anapokea wageni. Dada angefurahi."

"Anafunika watoto wasiive."

"Sawa, ila nani atajua? Mtu akiingia sebuleni ataona ndege mzuri, basi."

Neno hilo lilimchefua Fundi Picha kuliko siafu. Alimtazama shemeji yake, utomvu umemganda vidoleni kama kamasi, na hakumwona mtu mbaya. Alimwona mtu aliyempenda dada yake. Kinyaa kikazidi, maana mtu mbaya angemfukuza na yangeisha.

Akaichukua kamera. Akabonyeza kufuta. Kamera ikauliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Akafanya hivyohivyo na ile ya pili.

"Umefanya nini? Shem! Umefanya nini?" Sauti ya Shemeji ilipasuka. "Haikuwa yako peke yako ile!"

"Najua."

"Nimekatwa na miiba tangu alfajiri kwa ajili yenu wawili. Kweli fadhila ya punda ni mashuzi."

Akatema mate, akaokota panga, akashika njia bila kuaga. Mabega yalikuwa yakimtikisika. Fundi Picha akageukia kichaka.

Kunguru wawili walikuwa wametua juu ya mti, shingo zimeinama, wameshakiona kiota. Ingebidi akae mpaka jioni, na kesho, mpaka wale makinda waote manyoya. Mdomo ulikuwa mchungu kwa matapishi na maji hakuja nayo. Akaokota fito moja ya kibanda.

Kunguru mmoja akashuka tawi la chini.

"Toka, mchafu wewe," akamwambia, akainua fito.